Kabari ya Mikunjo Mitatu

6 Februari

Kwa mdogo wangu Wino,

Usishangae kupata barua. Kwenye simu tumekatiana mara tatu tangu mwaka uanze, na mara mbili kati ya hizo aliyekata ni mimi, kwa hiyo nimeona tuandikiane. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho hata kama umenuna.

Huku hatujambo. Shemeji yako kifua kimepungua, ila bado anakitumia kama kisingizio cha kutoosha vyombo. Watoto wamehamia shule iliyo jirani na chuo, basi asubuhi tunaondoka wote pamoja, mimi mbele na madaftari kwapani, nikiwahimiza kama askari. Wifi hajambo? Na binti yenu, bado anasoma kila bango la barabarani kwa sauti? Nimesikia Baba anaendelea vizuri. Mwambie namsalimu.

Sasa lililonikalisha kitako. Chuo kimekubali kijitabu changu cha maadili, kile ambacho miaka yote nimekuwa nikiwafundishia walimu wanafunzi kwa makaratasi yaliyochakaa. Nimewaambia sitaki kichapwe kwingine ila kwenye karakana yetu ya uchapaji, na wamekubali. Kina sura sita. Ya sita inahusu msamaha, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikiandike. Wanafalsafa hawajakubaliana juu ya jambo hili. Wapo wanaosema huwezi kumsamehe mtu ambaye hajakuomba, utakuwa unajisemea mwenyewe tu. Wapo wanaosema msamaha ni kazi ya aliyekosewa peke yake, mkosaji hana lake. Mimi niko na hawa wa pili, na ushahidi wangu ni sisi.

Nimeanza kwa kuwaeleza wasomaji ile mashine ya kukatia karatasi: kwamba ina vitufe viwili, kimoja kila upande wa meza, na kisu hakishuki mpaka vyote vibonyezwe kwa pamoja, ili mikono yote miwili iwe mbali na makali. Kisha nimeeleza asubuhi ile miaka kumi na miwili iliyopita, kitufe cha kushoto kilipokuwa kimebanwa kwa kabari ya kadibodi bila mimi kujua, na vidole vyangu vitatu vilivyokatika. Kisha wodini, ulivyosimama miguuni pa kitanda ukasema ni wewe uliyeiweka, nami nikakwambia palepale, wagonjwa wote wakisikia, kwamba nimekusamehe. Nimeandika kwamba dakika ile ndiyo iliyonijenga nikawa huyu niliye leo.

Jina lako sikulitaja, nimesema tu "mdogo wangu wa kiume." Ninachokuomba ni aya moja kwa maneno yako mwenyewe: ulijisikiaje kusamehewa? Naambatanisha sura zote sita.

Dada yako.


27 Februari

Kwa Dada,

Furushi limefika, limelowa pembe moja lakini kila neno linasomeka. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama shemeji anahitaji kufundishwa kuosha vyombo kwa posta. Binti amehama kwenye mabango. Siku hizi anasoma karatasi za dawa za babu yake, na madhara yake yote mpaka mstari wa mwisho, mzee anabaki ametoa macho.

Huyo aliyekwambia Baba anaendelea vizuri ni mimi, na nilikudanganya. Upande wa kulia umelala tangu Novemba, na ulimi nao umelala. Anatoa sauti, maneno hayatoki. Akili iko, maana ukimpa chai isiyo na sukari anakuangalia mpaka uone aibu. Daktari anasema moyo umechoka, tusipange mambo ya mbali sana.

Kutwa anakunja. Tunamletea vipande vya kadibodi kutoka karakana, anakibana kipande kwenye paja, anakikunja kwa ule mkono wa kushoto mara tatu, halafu anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila mkunjo mpaka ung'ae. Akimaliza anatafuta pa kukichomeka. Droo zote za chumbani zimebanwa. Juzi redio ilipandisha sauti yenyewe mpaka majirani wakaja, kumbe ameweka kabari pembeni ya kitufe.

Ukipata likizo, njoo.

Sura tano nimeshazipanga. Makosa manne ni yako na mawili yangu, usibishe, nimehesabu. Ile ya woga nimeipenda. Ya sita bado, mtambo unasumbua.

Mdogo wako.


15 Machi

Wino,

Salamu kwa wote nyumbani. Sisi wazima, mvua imeingiza maji darasani, tunafundisha tumenyanyua miguu.

Mtambo unaochapa sura tano na kugoma ya sita ni mtambo wa ajabu sana. Huo ugonjwa wake una jina?

Nisikilize, sina utulivu. Wiki iliyopita niliisoma sura ya sita darasani, kama ninavyofanya kila mwaka. Kila mwaka wengine wanafuta machozi, mmoja wawili wananifuata kunishika mkono. Safari hii kuna mwanafunzi wa mstari wa nyuma, wenzake wanamwita Wakili kwa ubishi wake, akanyoosha kidole akauliza: "Mwalimu, na huyo mdogo wako, yeye anasemaje?" Nikamjibu kwamba alishukuru. Akauliza: "Alikwambia hivyo?" Nikamwambia muda umekwisha. Ulikuwa umebaki nusu saa, na saa ya ukutani wote waliiona.

Tangu siku hiyo nazunguka tu. Nasahihisha mitihani, nakuta nimesahihisha ukurasa mmoja mara mbili. Nahitaji aya yako. Hata mistari mitatu. Chuo kinataka vijitabu kabla ya mahafali ya Septemba, na mimi nataka nimjibu yule kijana.

Dada.


2 Aprili

Kwa Dada,

Hatujambo. Hapana, hatuko salama.

Nilikuwa nimeziweka kurasa zako za sura ya sita mezani ili nizisahihishe. Nikaenda kunawa mikono. Kurudi, binti yangu ameketi anazisoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu, mama yake amesimama mlangoni na Baba yuko kwenye kiti chake. Alisoma mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja. Halafu akaniuliza, "Baba, shangazi ana wadogo wangapi wa kiume?"

Nikamwambia mmoja.

Alitazama mikono yangu. Ana miaka minane. Siku ile hakutaka nimkatie mkate, alikwenda kukatiwa na mama yake.

Unajua hapa mtaani wananiitaje? Wewe unaniita Wino kwa sababu nilikunywa wino nikiwa na miaka minne. Wao wananiita Mkatavidole. Wazee wa zamani bado wanalitumia, wanacheka, wanasema ni utani. Lilikuwa linakaribia kufa jina hilo. Sasa wewe unataka nilichape nakala mia tano kwa mikono yangu mwenyewe, nilipige jalada, nilipeleke chuoni.

Sura ya sita sichapi.

Na kuna jambo jingine. Nilikuandikia kwa kirefu habari za Baba na kukunja kwake. Hukuuliza hata neno moja. Mtu aliyefanya kazi karakana ile miaka sita, anaambiwa baba yake aliyepooza anakunja kabari kutwa, anajibu habari za mvua. Wakati binti anasoma ile sehemu ya wodini, Baba aliacha kukunja. Alikaa ameshika kipande mpaka jioni.

Njoo umwone.

Mdogo wako.


20 Aprili

Ndugu,

Barua yako nimeipata.

Nilikusamehe nikiwa sijaosha hata damu kwenye kucha za mkono uliobaki. Sijawahi kukudai kitu. Sijawahi kukunyima salamu. Harusini kwako nilisimama nikasema mbele ya wakwe zako kwamba sina kinyongo na wewe. Sioni ni kitu gani zaidi mtu anaweza kumfanyia mwenzake.

Kama hutaki kuchapa, nirudishie kurasa. Mji huu nao una wapiga chapa.

Likizo yangu ina semina.

Msalimie wifi.


11 Juni

Dada,

Salamu nitaziweka mwisho. Barua hii nimeiandika mara nne, na tatu zimeishia kwenye pipa la vipande. Kurasa zako sijazirudisha kwa sababu nilijua zikitoka mikononi mwangu utazipeleka kwa mtu asiyetujua, naye atazichapa siku moja tu na mambo yatakuwa yamekwisha.

Si mimi niliyeweka kabari.

Asubuhi ile nilikuwa nyuma, naosha rola za mtambo. Baba alikuwa na ile kazi ya kalenda, amechelewa, anakata peke yake. Aliweka kabari kwenye kitufe cha kushoto ili mkono mmoja uwe huru kupanga karatasi. Mteja akagonga mlangoni, akaenda kumsikiliza, akasahau kuitoa. Ukaingia wewe, ukaona rundo halijakatwa, ukaendelea. Na wewe ulikuwa na ile tabia yako aliyokugombeza miaka yote: kiganja cha kulia kinatangulia kukaa kwenye kitufe wakati cha kushoto bado kinanyoosha rundo. Haikuwa na hatari kwa sababu mashine husubiri mikono miwili. Siku ile haikusubiri.

Hospitali Baba alinivuta pembeni, karibu na dirisha la dawa. Aliniambia mkaguzi wa viwanda yuko njiani. Akikuta mwenye karakana ndiye aliyebana kitufe, anafunga. Akikuta ni kijana tu amekiuka amri, ataonya. "Sema ni wewe. Una miaka kumi na tisa, watasahau. Dada yako tutamweleza baadaye." Nilikubali kwa sababu alikuwa analia, na sikuwahi kumwona Baba analia hata Mama alipofariki.

Nilidhani namwambia mkaguzi peke yake. Nilipoingia wodini, mkaguzi amesimama pembeni ya kitanda chako na daftari lake. Nikasema. Na wewe, hata mdomo sijaufunga, ukanisamehe. Watu wakasema kumbe bado kuna watu duniani. Muuguzi akakupangusa uso. Baba akatoka nje.

Baada ya hapo ningesema saa ngapi? Kila nilipotaka kusema, nilikukuta umeshaanza kusimulia jinsi ulivyonisamehe. Kwenye mahafali yako. Kwenye harusi yangu, mbele ya baba mkwe aliyekuwa hajui lolote, na ndiyo siku alipojua. Unauliza ni kitu gani zaidi ungenifanyia. Ungeniuliza tu. Miaka kumi na miwili hukuniuliza swali hata moja kuhusu asubuhi ile. Mwaka huu ndipo umeniuliza, tena ulichouliza ni nilijisikiaje.

Nilijisikia vibaya, dada. Andika hiyo. Kusamehewa kosa lako kunauma lakini unapumzika. Kusamehewa kosa ambalo si lako hakuna siku unapumzika, maana huna hata cha kutubu. Msamaha wako uliuendesha kama Baba alivyoendesha mashine siku ile: upande wangu umeubana kwa kabari, unabonyeza upande wako peke yako, na kisu kikashuka.

Wifi yako sasa anajua. Siku ya tatu akaanza kumkatalia Baba kile kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai. Baba amedhoofu. Anakula vijiko vitano vya uji.

Salamu kwa shemeji na watoto.

Mdogo wako.


30 Juni

Wino, mdogo wangu,

Shemeji yako na watoto wamenikimbia, wamekwenda kwa mama yake, wanasema nyumba haikaliki kwa jinsi ninavyohamisha viti. Mimi si mzima wala si mgonjwa.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nimeisoma tena nimekaa. Nilitaka nikujibu kwamba nimeshtuka. Nimeliandika neno hilo nikalikata, unaliona hapo juu lilivyokatwa, sitaki kuchukua karatasi nyingine.

Nilijua.

Kisu kilipokuwa kinapanda, kabla sijasikia maumivu, niliiona kabari. Ilikuwa ya kadibodi ya njano, ile ya majalada ya kalenda. Ilikuwa na mikunjo mitatu, na juu ya kila mkunjo alama ya ukucha inang'aa. Wewe hujawahi kukunja kitu mara tatu tangu uzaliwe. Shuka zako ulikuwa unazifinyanga kama unga. Nilijua ni ya nani kabla sijajua kwamba vidole havipo.

Ulipoingia wodini na kusema ni wewe, sikushangaa hata kidogo. Nilipata nafuu. Naona aibu kuandika neno hilo lakini ndilo lenyewe. Mama alikuwa hana mwaka tangu afariki. Nililala pale tangu asubuhi nikijiuliza nitamwangaliaje Baba, nitakaaje naye meza moja, nikimchukia nitabaki na mzazi gani. Halafu ukaja wewe na kosa mkononi, unanipa. Nikalipokea haraka kabla hujabadili nia. Ndiyo maana nilikusamehe upesi vile. Hukunikosea kitu, kwa hiyo hakikunigharimu kitu.

Na watu walipoanza kunisifu, nikapenda. Hilo nalo liandikwe. Nilikuwa msichana mwenye mkono ulioharibika ambaye hajui afanye nini na maisha yake, mara nikawa mtu mwenye moyo mkubwa. Nikaenda chuoni na moyo huo mkubwa, nikapata kazi kwa moyo huo mkubwa. Nimewafundisha watu zaidi ya elfu moja kwamba tabia njema hujengwa kwa kutenda, tenda la msamaha leo na kesho utakuwa msamehevu. Lakini nilichotenda mimi hakikuwa msamaha. Nilimficha Baba nyuma yako, nikakuacha usimame hapo miaka kumi na miwili, na kila ulipotaka kusogea nikasimulia tena ile hadithi.

Ulipoandika kwamba Baba anakunja, nilitapika. Ndiyo maana nilikuandikia habari za mvua.

Barua ile ya Aprili nimeikumbuka kila mstari. "Sijawahi kukudai kitu." Natamani ungeichana.

Nakuomba msamaha. Sijawahi kuyaandika maneno haya kwa mtu, na mimi ndiye ninayeyafundisha. Wale wanafalsafa wa upande wa kwanza, wanaosema lazima kuwe na anayeomba, nimewadharau bure. Usinijibu haraka.

Nakuja Julai. Semina haikuwepo.

Dada yako.


9 Julai

Dada,

Njoo. Usichelewe, jana hakukunja hata kimoja.

Hilo uliloniomba usiniulize ukifika.

Wino.


8 Agosti

Kwa Wino,

Nimefika salama. Watoto wamerudi, viti vimetulia. Wifi mwambie viatu nilivyosahau avitumie, vinabana kidole kidogo cha mguu lakini ni vya heshima.

Siku tatu nilizokuwa hapo ulikuwa na mizigo mingi ya kupeleka kuliko mpiga chapa yeyote niliyewahi kumwona. Sikulaumu. Ila kuna mambo hukuyaona, na nadhani ni haki yako kuyajua.

Siku ya pili mchana wifi alikwenda sokoni, nikabaki na Baba. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nimemsamehe. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nayapanga maneno, mazuri, ungeyachapa bila kusahihisha. Nikakaa kwenye kiti kidogo mbele yake. Akautazama mkono wangu wa kushoto, maana sikuuficha. Nami nikafungua mdomo, yakatoka mengine kabisa. Nilimfokea, Wino. Mzee mgonjwa, shingo kama ya ndege, nilimfokea. Nilimwambia kusahau kabari kunaweza kumpata yeyote, lakini kumtuma mtoto wako wa miaka kumi na tisa abebe ni jambo la kukaa ukalifikiri. Nilimwambia alitoka nje ya wodi na hakurudi mpaka kesho yake. Nilimwambia sijawahi kumkasirikia hata siku moja na kwamba nimechoka kutomkasirikia. Sijui nilisema kwa muda gani. Uji ulipoa.

Hakukwepesha macho. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande mzima. Akaanza kupapasa blanketi, nikadhani anatafuta leso, kumbe anatafuta kadibodi. Alikunja kwa shida, alichukua muda mrefu, mkunjo wa tatu haukukaa sawa. Akaniwekea kiganjani, hiki cha vidole viwili. Nikaikunjua. Nikamrudishia kadibodi ikiwa imenyooka. Akaishika hivyo hivyo, hakuikunja tena.

Nilipasha uji nikamlisha. Sikumwambia nimemsamehe. Kama kilichokuwa ndani yangu wakati namfuta mdomo ndicho chenyewe, basi miaka yote nimekifundisha vibaya. Hakifanani na moyo mkubwa. Kinafanana na uchovu, na mikono inafanya kazi.

Hukuona lingine pia. Nilimwita binti yako aje chumbani, babu yake akiwepo. Nikamwonyesha mkono na kumweleza kila kitu kwa maneno mepesi: nani aliweka, nani alisahau, nani alisema uongo kwa kuogopa, na nani alijua akanyamaza. Baba alikuwa anatikisa kichwa kukubali, nikifika mahali penyewe anatikisa zaidi. Binti akaniuliza, "Kwa hiyo baba yangu alifanya nini?" Nikamwambia, hakufanya kitu. Akafikiri, akasema, "Sasa kwa nini alinyamaza yeye?" Nikamwambia hilo akuulize wewe.

Nilikuja mpaka mlango wa karakana jioni ya mwisho. Nilisikia mashine. Sikuvuka kizingiti, nikarudi.

Naambatanisha sura ya sita mpya, kurasa tatu tu. Mambo yote yamo, na jina langu liko juu. Pale ambapo ya zamani ilisema "hivyo ndivyo nilivyojifunza," hii inasema sijui. Kama hutaki kuichapa, kijitabu kitoke na sura tano.

Wakili nimeshamjibu. Nilimwambia mdogo wangu anasema alijisikia vibaya. Aliandika kwenye daftari.

Umenisamehe? Najua uliniambia nisiulize.

Dada.


29 Agosti

Kwa Dada,

Hatujambo kwa jumla. Baba alipata siku mbili mbaya, sasa amekaa. Ile kadibodi uliyoikunjua iko chini ya mto wake, wifi yako akitandika lazima airudishe, la sivyo mzee halali. Viatu vinamtosha, anakushukuru na hajakusamehe kwa jinsi ulivyomkuta na nyumba haijafagiliwa.

Binti aliniuliza lile swali. Nilimweleza kwamba nilinyamaza kwanza kwa kumwonea Baba huruma, halafu kwa hasira juu yako, na miaka ya mwisho kwa mazoea tu. Akasema hiyo ya mwisho ndiyo mbaya. Mkate sasa namkatia mimi, na anaangalia kila kipande kama mkaguzi.

Yule kinyozi wa kona aliniita tena Mkatavidole wiki hii. Zamani nilikuwa nacheka nao. Safari hii nilimwambia si mimi, nikamwambia na aliyefanya. Akabaki na mkasi hewani, mteja nusu kichwa. Nadhani mtaa mzima ulijua kabla ya saa saba.

Umeuliza. Bado, dada. Kuna siku nakusamehe mpaka chai ya saa nne, halafu namkumbuka baba mkwe alivyonigeukia siku ile ya harusi, naanza upya. Ukinikasirikia kwa hilo nitaelewa, lakini sitakudanganya. Tumedanganyana vya kutosha.

Sura ya sita nimeichapa. Makosa hayakuwepo, isipokuwa mahali umeandika kwamba nilikuwa kijana mpole. Hilo nimelifuta.

Kurasa zote ziko tayari, nakala mia tano, zimepangwa mezani nimezifunika gazeti. Zimebaki kukatwa. Ningeweza kukata asubuhi moja, mikono ninayo miwili na mashine haina tatizo lolote, lile la mtambo kusumbua ulijua tangu mwanzo ni kisingizio. Lakini sijakata, na mahafali ni tarehe ishirini na moja.

Nilikuona siku ile mlangoni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya rundo nakutazama, nikaacha mtambo wa kuchapa uendelee kwa sababu sikujua niseme nini. Najua sasa. Kitufe cha kulia nitabonyeza mimi. Cha kushoto ni chako. Kidole gumba kinatosha.

Wino.